Limesomeka

Mtaani walimwita Mama Kagua, wala hakuchukia. Alikuwa mwanamke asiyeweza kufunga mlango bila kuusukuma tena aone kama umefungika kweli. Alionja chumvi kwenye chakula ambacho binti yake alikuwa ameshakionja. Akitoka nyumbani alirudi kutazama jiko, na akishalitazama alirudi tena kwa kuwa hakukumbuka kama alilitazama vizuri. Mama mkwe wake, aliyeishi nao chumba cha mbele, alikuwa akisema kwamba siku ya kiama mkamwana wake huyo atawachelewesha watu wote mlangoni, akikagua kama ndicho kiama chenyewe.

Mumewe alikuwa dobi. Alifulia uani, chini ya mabati aliyoyaezeka mwenyewe, na mteja wake mkubwa alikuwa nyumba ya wageni iliyomletea mashuka kwa magunia. Madobi wengine wote wa upande ule walikuwa na mapipa yaliyojipanga ukutani, maana maji yalikuja kwa zamu na zamu zenyewe zilikuwa na kiburi. Yeye alikuwa na pipa moja tu, na humo alihifadhi vibanio vya nguo. Ahifadhi maji ya nini, na anayeyafungulia analala naye kitanda kimoja?

Kwa maana ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Kagua. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya maji, chumba cha mitambo. Kila asubuhi dobi alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akauliza, "Leo maji yapo?" Mkewe, akijifunga viatu, alimjibu kama mtu anayetoa hukumu, "Yapo mpaka alasiri. Loweka." Hapo dobi alitema povu la dawa ya meno, akakunja mikono ya shati, akaloweka. Hakuwahi kuulizia kwingine. Wanaume wengine husifia mapishi ya wake zao. Yeye aliwaambia wateja kwamba kwake maji hayakatiki, na alisema hivyo kidevu kikiwa juu.

Asubuhi hiyo aliuliza, akajibiwa, akaloweka mashuka yote ya nyumba ya wageni kwa mkupuo mmoja.

Siku hizi vali za mabomba makubwa hazifunguliwi kwa mkono. Zinaamriwa na kompyuta, na kompyuta nayo inaamriwa na faili la mipangilio: mtaa gani upate maji, kuanzia saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani. Tatizo la kompyuta ni kwamba haina huruma ya kukisia. Mtu ukimwambia jambo nusu, ataielewa nusu nyingine. Kompyuta ukiiandikia ovyo mahali pamoja, faili zima inalitupa. Kwa hiyo kabla ya kulipakia faili lianze kazi, unaiambia kwanza kompyuta ilikague: inalisoma toka juu hadi chini bila kufungua chochote, kisha inakuambia ni sawa au inakuonyesha mstari uliokwama. Ukaguzi wenyewe ni mfupi kuliko chafya.

Katika chumba kile ulikuwepo utaratibu. Mwenye kupakia hakupakia mpaka mwenzake aulize, "Limesomeka?" naye ajibu, "Limesomeka." Wageni waliona ni mchezo wa kitoto. Aliyeuanzisha, bila shaka mmeshamjua.

Siku hiyo alikuwa ameandika zamu mpya, amezikagua, zimesomeka. Mkono ulikuwa unaelekea kupakia pale Mkuu alipoingia akichezea funguo za gari. Mkuu alisema kuna mtaa kule juu watu wanalalamika sana, waongezewe maji leo hii, tena sasa hivi. Mama Kagua aliujua mtaa huo. Walalamikaji wake wote walikuwa mtu mmoja, naye ni Mkuu mwenyewe, aliyekuwa akijenga nyumba kule, na mafundi wake walikuwa wanasubiri maji wamwage zege la ghorofa.

Aliandika mstari. Mkuu alisimama nyuma ya kiti chake, funguo zikilia karibu na sikio lake. Alipomaliza alisema anaomba alikague faili mara moja tena, ndipo Mkuu alipocheka na kuwageukia wote waliokuwemo chumbani.

"Huyu mama akifa, ataomba kwanza akaguliwe kama amekufa kweli."

Watu walicheka. Naye alicheka, kwa kuwa mzaha wa mkubwa huchekwa, hata na anayetaniwa.

"Mstari mmoja, mama," Mkuu akasema. "Mmoja tu. Unakagua nini?"

Kwenye meza ya pili alikuwepo fundi mwenzake waliyemwita Miwani, kijana wa watu, mpole, asiyependa makuu. Yeye alikuwa ameinamia kazi yake. Bila kuinua macho, kwa mazoea tu, akauliza, "Limesomeka?"

"Limesomeka," akajibu Mama Kagua, na kidole kikabonyeza.

Hakusema uongo. Lilisomeka, lile la kabla ya mstari. Mdomo ulijibu swali la dakika chache nyuma, kama mtu anayeitikia salamu ya aliyeshapita.

Kompyuta ilifika kwenye mstari wa Mkuu, haikuelewa, ikafanya ilichofundishwa kufanya isipoelewa: ikafunga vali zote ili bomba lisije likapasuka. Ukutani palikuwa na ramani ya mji yenye taa za kijani. Zilianza kuwa nyekundu kutoka mitaa ya juu, zikateremka mtaa kwa mtaa bila haraka, mpaka ikafika zamu ya mtaa wake. Akaiona ikigeuka. Akawaza mashuka.

Dawa yake aliijua. Faili la jana lilikuwepo, zima. Ni kulirudisha, kulikagua, kulipakia. Maji yangerudi kabla chai ya mezani haijapoa. Aliinua mkono. Mkuu akashika mgongo wa kiti na kukivuta, na kwa kuwa kiti kilikuwa na magurudumu, Mama Kagua aliondoka nacho mpaka katikati ya chumba, miguu ikiburuta, mikono ikiwa bado mbele kama inachapa hewa.

"Usiguse," Mkuu akasema, uso umembadilika rangi. "Hakuna mtu kugusa kitu mpaka waje wataalamu waliofunga mtambo."

Alimweleza kwamba ni kurudisha lile la jana tu, hakuna zaidi.

"Na hili nalo ulisema limesomeka."

Alikaa pale katikati ya chumba, kwenye kiti kilichovutwa, na wenzake wakatazama skrini zao ambazo hazikuwa na kitu cha kutazama. Kabla ya mchana neno lake la siri lilikuwa limefutwa, naye ameambiwa aende nyumbani akasubiri kuitwa.

Alimkuta dobi uani, povu mpaka kwenye viwiko, akiizungusha koki ya bomba huku na huku. Mabeseni yote yalikuwa yamejaa mashuka yenye sabuni. Hakumwuliza mkewe mbona karudi mapema. Aliuliza kama ana habari maji yamekatika.

"Ninazo," mkewe akasema. Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamweleza yote: mstari, kicheko, kiti. Dobi alisikiliza, povu likimkaukia mikononi.

"Yatachukua muda gani?"

"Nikiachiwa mimi, sasa hivi. Nisipoachiwa, sijui."

Dobi aliwaza. Alikuwa mtu wa mambo yanayoonekana: doa liko, sabuni iko, doa linatoka. "Basi waambie wakuachie," akasema, na alisema kwa upole kabisa. Mkewe alitamani angemfokea.

Siku ya pili ilimleta Mama Pacha, jirani wa upande wa kulia, muuza mbogamboga, mwanamke mwema ila mwenye macho yanayotangulia miguu. Alikuja na ndoo. Alisema anaazima moja tu ya kuogeshea watoto, maana anajua nyumba hii haikosi. Mama Kagua alimwambia hawana. Mama Pacha akatabasamu, akasema hata nusu inatosha. Ikabidi afunuliwe pipa. Aliinama akaviona vibanio vya nguo, vya mbao na vya plastiki, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipoacha kucheka alitazama chini ya kitanda cha bibi, yule mama mkwe, kupitia mlango uliokuwa wazi, akaaga.

Kufikia jioni mtaa wote ulijua kwamba maji yamefungwa na mke wa dobi. Wengine walisema amekasirikia mshahara. Wengine walisema ana matangi chini ya ardhi. Bibi alikaa barazani na kumjibu kila apitaye, mpaka sauti ikamkauka, na maji ya kulainisha koo hayakuwepo. Alipoingia ndani alimwambia mkamwana wake, bila kejeli safari hii, kwamba kinyozi hajinyoi, mwanangu, na wewe leo umekutana na wembe. Kisha akampa nusu ya kikombe chake. Mama Kagua alikataa, bibi akamwekea magotini, akaenda kulala akiwa na kiu.

Lilipokuja boza la maji watu walipanga foleni kuzunguka kona. Mama Kagua alisimama na ndoo zake kama wengine. Mtu mmoja mbele alisema kwa sauti ya kusikika, "Mpisheni fundi, akague kwanza kama ni maji." Foleni nzima ilicheka, hata wasiojua wanachekea nini. Binti yake alimshika mkono waondoke. Hakuondoka. Alijua nyumbani kuna mashuka yanayochacha, na hakuona kwamba ana haki ya kuona aibu. Alisogea hatua kwa hatua mpaka zikabaki ndoo chache tu mbele yake, ndipo boza likakohoa likaisha.

Alikwenda pembeni, nyuma ya duka, akampigia Miwani. Simu ilipokelewa kwa kunong'ona.

"Dada, tumekatazwa hata kukutaja."

"Sikuombi unitaje. Rudisha faili la jana yake, basi. Unajua lilipo."

"Mkuu amesema asiguse mtu."

"Watu hawana maji, Miwani. Watoto hawana maji. Ni kazi ya kupepesa jicho."

Akasikia pumzi yake. Akasikia kiti chake kikilia. Kwa muda aliamini kabisa kwamba mkono wa Miwani uko njiani.

"Nikirudisha nikakosea je?"

"Kagua kwanza."

Miwani akasema, kwa huzuni ya kweli, si kwa kumkomoa, "Dada, hata wewe ulisema umekagua." Simu ikakatika.

Shuka lenye sabuni lina subira yake, nayo ina mwisho. Siku ya kwanza linanukia usafi. Baadaye linaanza kunuka kama kitambaa cha kufutia meza, na sabuni inapokaukia kwenye mikunjo inaacha alama za njano ambazo hazina dawa. Dobi alijaribu kuyasuuza kwa maji ya boza, akamaliza ndoo mbili kwenye shuka moja, nalo likabaki linateleza. Akakaa kitako akayatazama. Mtu aliyezoea kuyaona madoa yakitoka, sasa alikuwa anayatazama yakiingia.

Msimamizi wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke nadhifu wa maneno machache. Alishika pembe ya shuka kwa vidole viwili, akanusa vidole, akavifuta kwa leso yake mwenyewe ingawa dobi alikuwa amemnyooshea taulo. Alisema mashuka yatolewe, kuna dobi ng'ambo ya pili mwenye kisima. Dobi na binti yake waliyakamua na kuyatia kwenye magunia yakichuruzika. Msimamizi alingoja mpaka gunia la mwisho.

"Ulinihakikishia hapa maji hayakatiki," akasema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Ni kweli, uliniuliza," dobi akajibu.

Mama Kagua alikuwa jikoni, akisikia. Alitaka kutoka aseme kosa ni lake. Lakini alijua maneno hayo yangezidisha aibu ya mumewe, kwamba hata kosa alilokosea si lake. Akabaki ameshika sufuria tupu. Dobi aliporudi ndani hakusema lolote juu ya mteja huyo, wala siku hiyo, wala baadaye.

Alipoitwa na kamati alivaa gauni alilokuwa akiendea harusi, maana lilikuwa nguo pekee safi. Mezani, mbele ya wajumbe, kulikuwa na chupa za maji ya kununua, moja kwa kila mtu, na upande wake hakukuwa na chupa. Mkuu aliketi upande wa wajumbe.

Miwani aliitwa kwanza. Alieleza utaratibu wa chumba, akasema aliuliza kama limesomeka, akajibiwa limesomeka. Hakuongeza wala hakupunguza. Alikuwa anasema kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa inamzamisha mwenzake, na yeye mwenyewe aliiona ikimzamisha, miwani ikimteleza puani kwa jasho.

Mama Kagua alipopewa nafasi alimgeukia Mkuu. Alimwuliza, kwa heshima, ule mstari ulikuwa umetoka kwa nani.

"Mimi si fundi," Mkuu akasema, na hakukasirika. "Mimi naeleza shida ya wananchi. Fundi ndiye anayejua namna. Kama haikufaa, angekataa."

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Ubaya ni kwamba hata yeye Mama Kagua, moyoni, alikubali. Angekataa. Angesema subiri, Mkuu. Alikuwa na la kujitetea, lakini utaiambiaje kamati kwamba hukukagua kwa sababu ulichekwa? Mtu mzima, mke wa mtu, mama wa mtu, achekwe kidogo tu kisha mji ukose maji?

"Nilikagua kabla," akasema.

"Kabla ya nini?" akauliza mwenyekiti.

"Kabla ya ule mstari."

"Kwa hiyo faili ulilopakia, hukulikagua."

Alitazama chupa za maji. "Sikulikagua," akasema, na mwenyekiti akamshukuru kwa ukweli wake.

Maji yalirudi mchana, siku chache baada ya hapo. Bomba la uani lilikohoa, likatema upepo, likatema kutu, kisha likatoa maji meupe. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Watoto wa Mama Pacha walikimbia na masufuria, na hata bibi alitoka kunawa uso bombani, akanawa na kurudia. Mama Kagua aliyatazama akiwa mlangoni. Furaha aliihisi, lakini ilimfikia kama harufu ya chakula cha nyumba ya pili.

Miwani alimpigia jioni. Alisema wataalamu walikuja, wakatazama, wakarudisha faili la jana yake. Lile lile la kwake. Wamelikagua, halikuwa na neno, wakalipakia, wakaondoka kabla hawajakaribishwa chai.

"Lako lilikuwa zuri, dada," akasema. "Nimeona nikwambie."

"Ahsante," akasema Mama Kagua. Wakangojeana kwenye simu, kila mmoja akitaka mwenzake aseme neno jingine, na halikuwepo. Kazini alikuwa ameshaondolewa, jina lake limeshabanduliwa kwenye mlango.

Dobi alipata mapipa, manne, yaliyokuwa ya rangi za nyumba, akayasugua mpaka yakaacha kunuka. Akayapanga ukutani kama ya madobi wenzake. Alikuwa na wateja wadogowadogo sasa, shati moja, suruali mbili. Kwa mkewe hakubadilika: alimsalimu, alimtania kuhusu jiko, alimwachia kipande cha mwisho sahanini. Ila asubuhi hakusimama tena mlangoni.

Mama Kagua aliendelea kuamka saa ile ile, kwa kuwa mwili hausomi barua za ofisi. Asubuhi moja aliona mumewe ametoka na kusahau mswaki wake, akauchukua ampelekee. Alipofika nyuma ya mlango wa uani alimsikia akikohoa karibu na ukuta wa jirani, kile kikohozi cha mtu anayetaka kuuliza jambo.

"Mama Pacha, umeamkaje? Leo maji yapo?"

"Aka, baba!" Mama Pacha akacheka upande wa pili. "Waniuliza mimi muuza mchicha, na fundi unaye mwenyewe ndani?"

Mama Kagua aliushika mswaki kwa mikono miwili. Alijua mumewe anatafuta neno, na alijua hana ujuzi wa kutafuta maneno, na hakukuwa na namna ya kumsaidia.

"Bado amelala," dobi akasema.

Mama Kagua akarudi chumbani kwa ncha za vidole. Akapanda kitandani, akajifunika shuka mpaka kichwani, akafumba macho, ili mumewe asije akaonekana amesema uongo.